Nyimbo nne, njia nne: shajara ya kurekodi pop ya saikedeli kwa Kiswahili

Kabla ya kuanza

Mradi ni nyimbo nne za kikundi cha watu watano: magitaa mawili, gitaa la besi, dramu, kinanda, na sauti tatu za kuimba. Chumba kipo Birmingham. Mfano tunaoufuata ni pop ya saikedeli, yaani muziki wa kindoto wenye athari nyingi za sauti, ya Uingereza ya kati ya 1966 na 1968: The Beatles walipoacha kufikiria jukwaa, Pink Floyd wa enzi ya Syd Barrett, The Zombies, Small Faces. Maneno yote ni ya Kiswahili.

Sheria ya mradi ni moja. Kila wimbo utarekodiwa kwenye tepu ya robo inchi yenye njia nne, yaani mistari minne ya sauti inayokwenda sambamba kwenye tepu moja, na hakuna njia ya tano. Ukisikiliza rekodi mpya nyingi zinazodai asili hiyo, athari zote zipo, mwangwi upo, gitaa la kinyumenyume lipo, lakini wimbo umetulia kama maji ya mtungini. Kinachokosekana ni uamuzi. Mafundi wa kampuni ya rekodi ya EMI, kwenye studio yake ya Abbey Road, walikuwa na mashine za Studer J37 za njia nne, kwa hiyo dramu, besi na gitaa vilichanganywa kuwa kitu kimoja siku ileile, pamoja na kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) na mwangwi wake, na hapakuwa na kurudi nyuma. Kila kilichofuata kilijengwa juu ya uamuzi ule. Hicho ndicho tunachokitafuta, na hakipatikani kwa kununua pedali.

Wiki ya 1: mashine

Mashine kuu ni ya njia nne, inakwenda sentimita 38.1 kwa sekunde, na ina kirungu cha kubadili kasi kwa asilimia 10 juu au chini. Ya pili ni ya stirio, nayo ina kirungu kama hicho. Tepu ni mpya, mita 762 kwa rili, yaani dakika 33 na sekunde 20 kwa kasi hiyo. Rili moja kwa kila nyimbo mbili inatosha, pamoja na majaribio yaliyoharibika.

Vichwa, yaani sehemu zinazogusa tepu kuirekodi na kuisoma, vilisafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na pamba ya kijiti, kisha vikaondolewa usumaku. Kifaa cha kuondoa usumaku huwashwa kikiwa mbali na mashine, husogezwa polepole hadi karibu na kichwa, hurudishwa polepole, na huzimwa kikiwa mbali. Ukikizima kikiwa karibu na kichwa, unakiachia usumaku mkubwa kuliko uliokuwapo, na tepu yako itapoteza sauti za juu kila inapopita.

Tulipima pia umbali kati ya kichwa cha kurekodia na cha kuchezea: sentimita 3.5 kwenye mashine kuu, 4.3 kwenye ile ya pili. Gawanya kwa kasi ya tepu upate ucheleweshaji: milisekunde 92 na 113. Namba hizi mbili zitahitajika wiki ya 7.

Wiki ya 2: maneno na mapigo

Hapa tulikaa siku nyingi kuliko ilivyopangwa, na ilistahili.

Maneno ya saikedeli ya Uingereza yanarudi sana utotoni. Albamu ya kwanza ya Pink Floyd, ya Agosti 1967, imechukua jina lake kutoka sura moja ya kitabu cha watoto, *The Wind in the Willows*. Kwa hiyo hatukutafsiri vito, malaika wala mawingu ya zambarau. Wimbo A ni kitendawili kinachokataa kuteguliwa, wimbo B ni safari ya sungura asiyefika, wimbo C ni zimwi linalouliza njia. Wimbo D ni bembelezi.

Tatizo lilikuwa mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na melodia zilizoigwa kutoka Kiingereza hupenda kuanza na pigo zito na kumalizia kwa silabi nzito. Ukiweka "nyumba ya mwezi" juu ya melodia ya aina hiyo unapata "mweZI", na msikilizaji anajikunja. Tuliandika mistari ya mizani nane, kama ya utenzi, kila mizani ikiwa nusu ya pigo. Mkazo wa mwisho unaangukia mizani ya saba. Ili mizani ya saba ikutane na pigo la kwanza la kipimo (mapigo manne) kinachofuata, mstari lazima uanze nusu-pigo sita kabla, yaani kwenye pigo la pili. Jaribio la kuanza kwenye pigo la kwanza lilifanya kila mstari usikike kama gwaride. Kuanza kwenye la pili kuliufanya uelee.

Kordi: wimbo A uko G, na unatumia F asilia badala ya F iliyopandishwa. Hiyo kordi ya F ndani ya ufunguo wa G ndiyo inayofungua dirisha. Kwenye kiitikio, C inageuka kuwa C ndogo kwa kipimo kimoja tu kabla ya kurudi G. Kipimo kimoja. Tulipoiongeza kuwa viwili ikawa huzuni ya kawaida.

Wiki ya 3: dramu, besi, na kasi

Kwa wimbo A tulitaka uzito ule unaosikika kwenye "Rain" ya 1966, ambapo mdundo ulipigwa kwa kasi kisha tepu ikapunguzwa mwendo. Dramu iliyopunguzwa mwendo inashuka na kutanuka, matoazi yanakuwa kama mabati makubwa, na mkono wa mpigaji unasikika mzito kuliko mkono wowote halisi.

Hesabu: kushusha toni nzima kunahitaji uwiano wa 1.1225. Kirungu chetu kinafika asilimia 10 tu kila upande, na kushusha toni kwa mara moja kunahitaji asilimia 10.9 chini. Suluhisho ni kuigawa: rekodi kwa asilimia 5.9 juu, cheza kwa asilimia 5.6 chini. Ili wimbo uishie kwenye mapigo 104 kwa dakika, bendi ilipiga kwa 117, na ili usikike katika G ilipiga katika A.

Kosa la siku ya kwanza lilikuwa kuamini alama za kirungu. Alama hizo ni za makisio, na kinanda kilipoongezwa baadaye hakikulingana na magitaa. Siku ya pili tulirekodi mlio wa hezi 440 mwanzoni mwa tepu, kasi ikiwa juu. Wakati wa kuchezesha kwa kasi ya chini, kirungu kinazungushwa hadi kipima-sauti kisome hezi 392, yaani G kamili. Usifanye kazi ya kasi bila mlio huo. Hata mashine ikipata joto na kuteleza kidogo katikati ya siku, una pa kurudi.

Dramu: maikrofoni tatu tu. Moja juu ya bega la kulia la mpigaji, moja karibu na snea, moja ndani ya dramu kubwa. Ngozi ya mbele iliondolewa na sweta la sufu likawekwa ndani, kama Geoff Emerick, fundi sauti wa The Beatles, alivyofanya kwa mpiga dramu wao Ringo Starr. Juu ya snea na tomu kuna vitambaa vya jikoni vya pamba, si taulo nene. Taulo huua mlio wote, kitambaa huua mkia wake tu. Kompresa ilikazwa hadi sindano ishuke desibeli 10 kwenye kila pigo, na iachie kwa robo sekunde hivi. Ikiachia haraka zaidi, matoazi yanapumua kwa fujo. Ikichelewa, pigo la pili linamezwa.

Besi ina nyuzi bapa, inapigwa kwa kipiki, na kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 2 kimebanwa chini ya nyuzi karibu na daraja. Mbele ya amplifaya tulitumia spika kuukuu ya sentimita 20 kama maikrofoni, mbinu ambayo Emerick aliitumia kwenye "Paperback Writer". Nyaya mbili za spika zinaingia kwenye kisanduku cha transfoma, kisha kwenye mikisa. Spika haisikii vizuri sauti za juu, ila inashika msukumo wa hewa wa chini vizuri kuliko maikrofoni yoyote tuliyo nayo. Ichanganye na maikrofoni ya kawaida na ugeuze polariti ya moja ukisikiliza: upande mmoja besi inajaa, upande mwingine inatoweka. Chagua ulipojaa.

Wiki ya 4: kuhamisha njia (na wimbo B kuharibika)

Mpango wa wimbo B: dramu na besi njia ya 1, gitaa la mdundo njia ya 2, ogani njia ya 3. Kisha zote tatu zichanganywe kwenda njia ya 4, na njia tatu za kwanza zifutwe kwa ajili ya sauti za kuimba.

Ulipofika wakati wa kuhamisha, mashine ilipiga filimbi kali. Sababu: wakati wa kuhamisha, njia za awali husomwa na kichwa kilekile kinachorekodi. Njia ya 3 ipo jirani kabisa na ya 4, sauti inavuja kutoka moja kwenda nyingine ndani ya kichwa, inazunguka, na inajilisha yenyewe. Tulipunguza sauti za juu za ogani, filimbi ikaisha, lakini ogani ikabaki kama imefunikwa blanketi, na njia zilikuwa zimeshafutwa. Wimbo B ulirudiwa kuanzia mwanzo.

Utaratibu mpya: usihamishe kamwe kwenda njia jirani. Njia ya 1 na ya 2 zinakwenda ya 4, ya 3 inabaki tupu katikati. Kabla ya kuhamisha, sauti za juu za kilohezi 8 zinaongezwa desibeli 2 hadi 3, kwa sababu kila kizazi cha tepu kinapoteza kidogo pale juu. Ukisubiri kuziongeza mwishoni, unaongeza na kelele ya tepu. Tari na matoazi ya ziada hayarekodiwi mapema hata kidogo. Ndiyo ya kwanza kufifia, kwa hiyo yanaingia mwisho, pamoja na sauti ya mwimbaji.

Na usihukumu ubora wa sauti wakati unaongezea juu ya njia zilizopo. Kichwa cha kurekodia kikitumika kuchezea husikika kizito, na sauti za juu hupungua. Rudisha tepu, sikiliza kupitia kichwa cha kuchezea, ndipo useme neno.

Wiki ya 5: gitaa

Fazi, pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, ni ya transista mbili za gerimani, za aina ya PNP. Mambo mawili yalijitokeza.

La kwanza ni umeme. Saketi ya PNP ya aina hii ina chanya kwenye ardhi. Ukiiunganisha kwenye chanzo kimoja cha umeme pamoja na pedali za kawaida, ambazo zina hasi kwenye ardhi, umetengeneza shoti. Ipe betri yake ya volti 9.

La pili ni joto. Gerimani huvujisha mkondo zaidi inapopata joto, na voltiji ya kolekta ya transista ya pili, ambayo inatakiwa iwe karibu volti 4.5, inahama. Chumba kilipopata joto la hita, sauti ilianza kukatika mwishoni mwa kila noti kama redio inayoishiwa betri. Tulibadilisha kizuizi cha 8.2k kwa kirungu kidogo cha 20k, na sasa tunapima na kurekebisha kabla ya kila zamu. Kwa anayetaka kujenga fazi hii Dar es Salaam au Mombasa, chumba cha nyuzi 32 kitampa shida hii kila siku. Transista za silikoni ni tulivu zaidi katika joto, ingawa sauti yake ina makali zaidi, na kirungu cha sauti cha gitaa kikipunguzwa kidogo hulainika.

Gitaa la kinyumenyume, wimbo C. Rili zinabadilishana nafasi, tepu inachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, gitaa linarekodiwa, kisha tepu inarudishwa. Hatari ipo hapa: tepu ikigeuzwa, njia ya 1 inasomwa mahali pa ya 4, na ya 2 mahali pa ya 3. Njia yetu tupu ilikuwa ya 4. Ukibonyeza kurekodi kwenye ya 4 tepu ikiwa imegeuzwa, unafuta njia ya 1, yaani dramu na besi. Sasa kuna karatasi iliyobandikwa kwenye mashine: 1 kwa 4, 2 kwa 3.

Mpangilio wa kordi uliandikwa kinyume, kipimo kwa kipimo, na mpigaji akaucheza kama wimbo mpya. Kubahatisha juu ya tepu iliyogeuzwa kunatoa ukungu mzuri lakini usio na maana. Noti ikigeuzwa huvimba na kukatika ghafla mahali ilipoguswa, kwa hiyo kila fungu lilianzishwa hasa juu ya pigo, ili likigeuzwa limalizikie hapo. Fungu fupi la noti nne au tano linatosha.

Wiki ya 6: kinanda

Mellotron ilitengenezwa mji huuhuu wa Birmingham tangu 1963, na kila ufunguo wake unavuta kipande cha tepu chenye sauti ya ala halisi kwa sekunde 8 tu. Tunatumia sampuli, yaani rekodi za kidijitali za sauti zake, lakini tulizima mzunguko wake ili zikatike kwa sekunde 8 kama asili. Kwa mapigo 104, vipimo vitatu ni sekunde 6.9 na vinne ni 9.2. Kordi ya vipimo vinne haiwezekani kushikiliwa. Mpigaji anahamisha kidole kimoja kimoja kwa zamu, kordi inabaki ileile lakini hakuna noti inayofika sekunde ya nane. Ule mwendo wa buibui, filimbi zikiingia na kutoka kwa kupishana, ndiyo sauti yenyewe. Sampuli inayozunguka bila mwisho haina uhai huo.

Wiki ya 7: sauti za kuimba

Mwaka 1966 Ken Townsend wa EMI alitengeneza njia ya kumzidisha mwimbaji bila yeye kuimba mara mbili. Sauti ilichukuliwa kwenye kichwa cha kurekodia, ikapitishwa mashine ya pili iliyokuwa na kasi ya kubadilika, ikarudi kukutana na nakala yake kutoka kichwa cha kuchezea.

Mashine yetu haitoi sauti ya vichwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo njia zote nne zilicheleweshwa milisekunde 92 kwa kompyuta, kwa usawa, na sauti ya mwimbaji peke yake ilitangulia kwenda mashine ya pili, ambayo inachelewesha 113. Tofauti ni 21. Kirungu kikishushwa asilimia 10 inakuwa 33, kikipandishwa inakuwa 11. Mtu mmoja anakaa na kirungu wimbo mzima akikizungusha taratibu, bila kukaa mahali pamoja. Chini ya milisekunde 10 sauti inakuwa ya bomba. Zaidi ya 40 hivi masikio yanaanza kuhesabu watu wawili wasiopatana.

Kiswahili kinapendeza sana hapa. Kwa kuwa silabi karibu zote zinaishia na irabu, nakala mbili zinakutana kwenye irabu ndefu na kuyeyuka pamoja. Kinachobaki kuwasha sikio ni "s", "sh" na "ch", ambazo zinatoka mara mbili kama mbegu zikimwagika. Tulikata nakala ya pili juu ya kilohezi 6, zikatulia.

Kwenye wimbo C zimwi linaimba kupitia spika ya Leslie, ambayo honi yake ya juu na ngoma yake ya chini huzunguka pande tofauti. Maikrofoni mbili zipo sentimita 30 kutoka kwenye honi. Karibu zaidi zilinasa upepo. Mwendo wa polepole kwenye beti, wa haraka kwenye neno la mwisho tu. Honi inachukua muda kupata kasi, kwa hiyo swichi inabonyezwa kabla ya neno lenyewe.

Wiki ya 8: vitanzi

Mwisho wa wimbo A una vitanzi vitatu vya tepu, yaani vipande vilivyoungwa ncha kwa ncha vikajirudia: filimbi iliyopandishwa kasi mara mbili, toazi la kinyumenyume, na kicheko. Mwaka 1966, kwa ajili ya "Tomorrow Never Knows", mafundi walishikilia vitanzi kwa penseli kwenye mashine kadhaa za jengo zima. Sisi tuna mashine moja ya kuvizungushia, kwa hiyo tulivirekodi kimoja kimoja.

Mapigo manne kwa 104 ni sekunde 2.31, sawa na sentimita 87.9 za tepu. Kata kwa pembe ya nyuzi 45 kwa wembe usio na usumaku, bandika utepe wa kuungia upande wa mgongo, si upande wa kahawia unaosomwa na kichwa. Wembe wenye usumaku uliacha "tak" kwenye kila mzunguko. Kitanzi kinazungushwa kwenye mguu wa stendi ya maikrofoni; kikilegea sauti inayumba, kikikazwa sana muungano unaachia.

Vitanzi viwili vya urefu uliokatwa sawasawa vilichosha kwa nusu dakika. Kile cha kicheko tulikikata sentimita 81, hakilingani na mdundo, na kila mzunguko kinaangukia mahali papya.

Wiki ya 9: mono kwanza

Miksi zinafanywa kwenye spika moja, katikati ya chumba. Mono ndiyo iliyopewa muda mwingi Uingereza wakati ule, na kwa njia nne ndiyo inayosema ukweli: gitaa likimfunika mwimbaji huwezi kulikimbizia pembeni. A na B zimekamilika kwa mono. C inahitaji miksi nyingine, filimbi za kinanda zinamzidi zimwi kwenye ubeti wa pili. Stirio itafuata, dramu na besi zikiwa upande mmoja zote, kwa kuwa zipo njia moja.

Wimbo D una njia mbili tu hadi sasa: gitaa la nyuzi kumi na mbili na sauti moja. Ulipangiwa Leslie, vitanzi na matoazi. Tumeusikiliza hivyo ulivyo mara nyingi wiki hii. Jumamosi unaongezewa besi na tari, kisha unahamishiwa kwenye tepu ya miksi, na sentimita 152 za utepe mweupe zinaungwa mbele yake, sekunde nne za ukimya baada ya C.